Neno la Fundi Rangi

Mlinzi hakuitikia shikamoo ya Inspekta.

Alikaa kwenye benchi la chumba cha mahojiano, viganja vyote viwili vimefungwa bendeji iliyokwisha kuwa nyeusi, macho kayakaza ukutani kana kwamba Inspekta ni upepo uliopita na mlango.

"Mzee, mimi siye niliyekuhoji juzi," Inspekta alisema, akavuta kiti. "Jalada lako nimekabidhiwa leo asubuhi."

"Nguo ni zile zile."

Inspekta alizitazama nguo zake, sare iliyopigwa pasi. Akafungua jalada. Halikuwa nene. Stoo ya kuchanganyia rangi kwenye gereji iliungua jioni, mafundi walipokwisha kwenda makwao. Ndani yake alikuwemo fundi rangi, mtu anayejulikana mji mzima kwa jina la Jicho kwa jinsi alivyozijua rangi. Alitolewa hai, kaungua kifua, mikono na shingo. Kabla sauti haijamkauka alitamka neno moja hospitalini, na neno hilo lilikuwa limeandikwa kwa Kiingereza, likapigiwa mstari mara mbili: *match*. Pembeni, kwa kalamu nyingine, mtu aliongeza: yaani kiberiti.

Mlinzi alikuwa mvutaji wa sigara. Kwa hiyo mlinzi akakamatwa.

"Unavuta, mzee?"

"Na wewe unapumua."

"Unawashia nini?"

"Kiko huko kwenu. Mlininyang'anya pamoja na mshipi, suruali nimeishika kwa mkono tangu juzi."

Inspekta aliuvuta mfuko wa vitu vya mahabusu, akaumwaga mezani. Mshipi, leso, nusu pakiti ya sigara, laita ya plastiki nyekundu. Akaibonyeza laita, ikawaka. Boksi la kiberiti halikuwemo, wala kijiti kimoja.

"Viganja vimefanya nini?"

"Nimefungua mlango."

"Kwa mikono?"

"Kwa nondo. Kisha kwa mikono. Mlango ulikuwa wa bati, umeshika moto."

"Kwani ulikuwa umefungwa?"

"Kwa kufuli."

"Kwa nje?"

Hapo ndipo mzee alipogeuza shingo akamtazama kwa mara ya kwanza. "Kwenu nyinyi kufuli hufungwa kwa ndani?"

Inspekta alirudisha vitu kwenye mfuko kimoja kimoja. Mshipi aliubakiza mezani, akausogeza upande wa mzee. Mzee hakuugusa.

*

"Sikuelewi," alisema Mkuu wa Kituo. Alikuwa amesimama, kofia kichwani, funguo za gari mkononi, mtu anayetaka mazungumzo yaishe kabla hayajaanza. "Mgonjwa kasema kiberiti. Mlinzi anavuta sigara. Stoo imejaa tina ya kuzimulia rangi, inayodaka moto hata ukiitazama vibaya. Unataka nini zaidi, upigiwe picha?"

"Mgonjwa hakusema kiberiti, Afande. Amesema *match*."

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Kwa nini aliseme kwa Kiingereza?"

"Muulize yeye. Labda alikuwa anauliza matokeo ya mpira." Mkuu alicheka peke yake.

"Nani aliyemsikia?"

"Bosi wake. Yule Vanishi. Kama si yeye tusingejua lolote, maana amekaa pale hospitalini kama mama mzazi, dawa ananunua yeye, shuka kaleta yeye. Unataka kumwita mwongo?"

"Nataka kujua kwa nini mlango ulikuwa na kufuli na mtu yumo ndani."

Mkuu alizitikisa funguo zake. "Gari la mahabusu linaondoka kesho asubuhi kwenda mahakamani. Mlinzi atakuwemo. Ukiwa na jambo, liwe mezani kwangu kabla ya hapo. Usiponiletea, usinichoshe."

*

Dada mkubwa wa fundi rangi alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Watu wazima wenye wajukuu bado walivuka barabara wakimwona, wasije wakasahihishwa sentensi. Aliufungua mlango wa mbao, lakini ule wa nondo aliuacha umefungwa, akasimama nyuma yake, mikono kifuani.

"Mwenzio alikuja," alisema. "Ndugu yangu anapigania roho, yeye akaniuliza kama alikuwa mlevi."

"Pole sana, Mwalimu. Mimi nimekuja kwa neno moja tu."

"Sema hilo moja, uende."

"Ndugu yako alikuwa anazungumza Kiingereza?"

Mwalimu alitoa sauti ambayo ingeweza kuwa kicheko siku nyingine. "Nilimfundisha mwenyewe, darasani, miaka miwili. Alinitia aibu mbele ya walimu wenzangu. Nilimpa insha aandike juu ya mvua, akachora mvua."

"Jalada linasema alitamka *match*."

"Ipi?"

"Kwani ziko ngapi?"

Kwa mara ya kwanza yule mama aliishusha mikono. Ilikuwa kama mtu kamwonyesha ubao uliofutwa vibaya.

"Mmemfunga mtu kwa neno ambalo hata hamjui ni lipi," alisema. "Sikiliza, basi. Hayo ni maneno mawili. Hayana undugu. Yamekutana njiani yakavaa shati moja, na watu wakadhani ni pacha. La kwanza ni hicho kijiti chenu. Wanaofukua asili ya maneno wanalifuata mpaka kwenye Kifaransa cha kale, na huko halikuwa kijiti, lilikuwa utambi wa taa. Wengine wanarudi nyuma zaidi, mpaka Kilatini na Kigiriki, wanasema chanzo chake ni makamasi."

"Makamasi?"

"Pua ya taa, na utambi unaochungulia kama mtu mwenye mafua. Usinitazame hivyo, sikulitunga mimi. Utambi ukawa wa kulipulia mizinga, baadaye ukawa kijiti cha kuwashia jiko. Hilo ni la kwanza. La pili ni la Waingereza wenyewe, la zamani, na maana yake ni mwenzi. Mtu wa kukutosha. Mume kwa mke, ng'ombe kwa ng'ombe mwenzake wa nira. Limetokana na shina moja na neno lao la kutengeneza. Kitu kilichotengenezwa kikakaa sawa na kingine. Hilo ndilo lililozaa watoto wengi. Timu mbili zinazolingana nguvu zikikutana, ni *match*. Mchumba anayekufaa, *match*. Mkoba na viatu vya rangi moja, *match*. Mtu akikuweza kwa maneno, umepata *match* wako."

"Kama wewe na mimi."

"Usijipendekeze." Lakini alisogea karibu na nondo. "Sasa, Kiswahili kilichukua lipi?"

Inspekta alifikiri. "La mpira. Mechi."

"La pili. La kwanza hatukulichukua, na hatukuwa na sababu. Kijiti kilipofika kwetu kilikuta jina limeshakingoja, kiberiti, limetoka Uarabuni, na huko ni ile salfa inayonuka. Nyumba ilikwisha kuwa na mwenyewe. Umewahi kumsikia mtu yeyote, tangu uzaliwe, anayeungua au asiyeungua, akiomba *match* awashie jiko?"

"Hapana."

"Basi ndugu yangu, aliyechora mvua, ndiye angeanza?" Mwalimu aliushika mlango wa mbao. "Alisema mechi. Mechi ya nini, hiyo ni kazi yako. Mimi nilikuwa nafua, natoka kwenda hospitali."

Akafunga. Inspekta alibaki akitazama tundu la ufunguo.

*

Wodi ya majeruhi wa moto ilinuka dawa na joto. Vanishi alikuwa kwenye kiti kando ya kitanda, suti ya kijivu, viatu vinang'aa. Jina la utani alipewa na mafundi wake kwa sababu alikuwa mlaini juu na mgumu chini. Alisimama upesi.

"Afande! Karibu sana. Tunamwombea tu ndugu yetu. Mmempeleka yule mzee mahakamani?"

"Kesho."

"Inasikitisha. Nilimpa kazi mimi mwenyewe, nikamwonea huruma kwa umri wake. Sigara, sigara, sigara. Kila siku nilimwambia."

Kitandani, Jicho alikuwa bendeji tupu kuanzia kidevu. Macho yalikuwa yamefumba. Kope zilikuwa zimeungua.

"Alikuambia wewe hilo neno?"

"Mkono wangu ulikuwa hapa." Vanishi alionyesha ukingo wa kitanda. "*Match*, akasema. *Match*. Mimi Kiingereza nimekisoma kidogo, nikawaeleza wenzako kwamba ni kiberiti."

"Ahsante."

Inspekta alimkuta muuguzi chumba cha nyuma, akihesabu vifurushi vya pamba. Mwanamke mfupi, mwenye uso wa mtu aliyekwisha kuchoka na watu wanaouliza maswali wakiwa wamesimama mlangoni.

"Sina nafasi."

"Sista, dakika tu."

"Kila mtu ana dakika tu. Ukizijumlisha dakika zenu wagonjwa wangu wanakufa."

"Ulikuwepo fundi rangi alipozungumza?"

"Nilikuwa nimemshika kichwa."

"Mbona jina lako halimo kwenye jalada?"

Muuguzi aliweka kifurushi chini. "Kwa sababu wenzako waliingia, wakatazama huku na huku, wakamuuliza aliyevaa suti."

Inspekta alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. "Mimi nakuuliza wewe."

Yule mwanamke alisema polepole, kwa sauti ya mtu anayerudia kipimo cha dawa. "Alisema, 'Imemechi.' Nikamuuliza, nini baba? Akasema, 'Mwambie imemechi.' Halafu sauti ikakatika."

"Imemechi. Si *match*."

"Mimi nina masikio mawili."

Inspekta alilirudia neno kimyakimya. Kiberiti hakiwezi kuwa 'ime'. Kiberiti hakitendi kitu, kinatendwa. 'Ime' ilikuwa kazi iliyokwisha kufanyika. Kitu kimoja kilikuwa kimewekwa kando ya kingine, vikalingana, na kuna mtu aliyekuwa akingoja kuambiwa.

"Mwambie nani?"

"Hakufika huko. Huyo bwana aliinama akasema, 'Match, anasema kiberiti,' na wenzako wakaandika." Muuguzi alifungua kabati, akatoa mfuko wa plastiki wenye suruali iliyokatwa kwa mkasi. "Na hii mliisahau. Mfukoni kulikuwa na huu."

Ulikuwa ufunguo mdogo wa kufuli, umefungwa kwa uzi wenye madoa ya rangi.

"Sista, naomba usimwache huyo bwana peke yake na mgonjwa."

"Unadhani mimi mjinga? Tangu jana, kila mara mgonjwa akifumbua macho, yule anainama kabla yangu. Nimemwambia mhudumu asafishe sakafu ya hapo mpaka itoboke."

Inspekta alipiga simu kituoni, akaomba askari wa kukaa mlangoni mwa wodi. Alijibiwa kwamba Mkuu hajaidhinisha. Akauliza ni nani mwingine basi wa kuidhinisha, na kabla hajajibiwa akakata. Askari alikuja. Alikuja amenuna, lakini alikuja.

*

Gereji ilikuwa kwenye barabara ya maduka ya vipuri, geti la bati, ua wa zege uliolowa mafuta. Mbele ya geti alisimama mwanamume mwenye baiskeli ya kike, haina madigadi la mbele. Fundi kijana wa bodi alikuwa akimfukuza.

"Tumekuambia hakuna kitu chako hapa! Kimeungua!"

"Nitangoja mwenyewe apone, nimuulize."

Inspekta aliwapita. Alipoingia, mtu aliwasha kompresa ya upepo. Mwingine akaanza kugonga bodi kwa nyundo, bila mpango, mradi kelele. Hakuna aliyeinua uso. Inspekta alitembea mpaka kwenye swichi ya ukutani, akaizima kompresa mwenyewe.

"Mmekwisha kumfunga mlinzi," sauti ya mkwaruzo ilisema nyuma yake. "Umekuja kumfunga nani sasa?"

Alikuwa mpaka rangi mzee, mwembamba, unga mweupe wa puti ya kujazia bodi mpaka kwenye nyusi. Wenzake walimwita Msasa kwa ajili ya ile sauti.

"Nimekuja kuuliza neno. Mtu akisema 'imemechi' hapa kwenu, anasema nini?"

Nyundo iliacha kugonga. Kijana mmoja alicheka, akidhani ni mzaha.

"Anasema imemechi," Msasa alijibu. "Gari limegongwa mlango, unachanganya rangi ya mlango ule tu. Unapiga kidogo kwenye kipande cha bati, unakiweka kwenye gari, juani, kivulini. Ukiona mpaka hauonekani, imemechi. Ukiuona, unarudi kuchanganya. Hata anayefagia hapa anajua."

"Na bosi wenu?"

"Bosi alianza na bomba la rangi mkononi, kabla sisi hatujaajiriwa. Alinifundisha mimi."

Inspekta hakuandika kitu. "Siku ile, Jicho alikuwa anamechisha rangi ya gari gani?"

Mafundi walitazamana. Ilikuwa hivi: kila mtu alikuwa na jibu, na kila mtu alingoja mwenzake alitoe.

"Halikuwa gari," Msasa alisema mwishowe. "Lilikuwa madigadi. La yule pale getini."

Yule wa baiskeli aliingia alipoitwa, lakini mlango wa geti aliuacha wazi nyuma yake, kama mtu asiyekusudia kukaa. Mkewe alikuwa fundi cherehani, alisema. Alikuwa akirudi nyumbani na baiskeli hii alipogongwa, na gari halikusimama. Alikufa pale pale. Rangi ya gari ilibaki kwenye baiskeli.

"Niliileta kwenu," alimwambia Inspekta. "Baiskeli nzima niliibeba begani mpaka kaunta. Nikaambiwa magari ya samawati ni mengi. Nikaambiwa nirudi nyumbani nitaitwa."

"Ukaja huku."

"Niliambiwa kuna mtu akiitazama rangi anakuambia mama yake nani. Alilichukua madigadi, akaligeuza, akanyamaza. Akasema njoo kesho, nitakuambia. Kesho yake nikakuta majivu."

"Kwenye baiskeli pamebaki rangi?"

Mwanamume aliiinamisha baiskeli. Ubavuni mwa fremu kulikuwa na mkwaruzo mrefu wa samawati iliyoingia kijivu, na ndani yake punje kama za fedha.

Inspekta alimgeukia Msasa. "Unaijua rangi hii?"

Msasa alichutama, akaitazama. Alipoinuka alikuwa mtu mwingine. Hata mkwaruzo wa sauti ulipungua.

"Haiuzwi dukani. Jicho aliichanganya mwenyewe, kwa kazi moja tu. Bosi alitaka gari lisilofanana na la mtu." Akaelekeza kidevu kwenye kona ya ua, palipokuwa na gari limefunikwa turubai. "Lakini lile sasa ni jeupe. Bosi alilipiga rangi mwenyewe, siku ya mapumziko, hatukuwepo. Alisema kachoka na samawati."

Inspekta alilivua turubai. Gari lilikuwa jeupe pe, bampa jipya, taa ya kushoto mpya kuliko ya kulia. Alilizunguka. Akafungua milango: ndani ya fremu, nyeupe. Boneti: nyeupe. Mtu aliyeifanya kazi ile alikuwa fundi kweli.

"Mpaka rangi mwenye haraka husahau wapi?" aliuliza.

Msasa akaja, akaupitisha ukucha kwenye kile kijilango kidogo cha kutilia mafuta, akakivuta. Kwa ndani, nyuma ya bawaba, palikuwa samawati.

Mwenye baiskeli aliikokota mpaka pale bila kuambiwa. Akaiegemeza kwenye gari, fremu ikawa karibu na kijilango. Watu watano walisogea kutazama, na hakuna aliyesema lile neno. Mume wa marehemu aliushika usukani wa baiskeli kwa nguvu mpaka kengele yake ikalia.

Inspekta aliingia kwenye mabaki ya stoo. Mlango wa bati ulikuwa umelala chini, komeo limeng'olewa kwa nondo, na kwenye komeo kufuli bado inaning'inia, imefungwa. Hakuna askari aliyeiokota. Akatia ufunguo wenye uzi. Ulikwama kwa masizi, akauzungusha tena, kufuli ikafunguka.

"Funguo za stoo ni ngapi?"

"Mbili," Msasa alisema. "Wa Jicho na wa bosi."

Basi ufunguo wa Jicho ulikuwa mfukoni mwa Jicho, naye ndani, na kufuli nje.

*

Mmoja wa mafundi alikuwa amempigia bosi simu, kwa woga au kwa hila, kwa sababu Vanishi aliingia akiwa na jasho na tai imelegea. Alipoliona turubai chini alisimama, kisha akatabasamu.

"Afande, ungeniambia unataka kulitazama gari, ningelipeleka kuoshwa."

"Ulilipaka lini?"

"Gari langu, rangi yangu. Kuna sheria?"

"Ufunguo wako wa stoo uko wapi?"

"Umepotea. Zamani." Aliwageukia mafundi wake. "Rudini kazini! Mnalipwa kutazama sinema?"

Hakuna aliyesogea. Tabasamu lilimtoka.

"Nakuonya. Namfahamu mkuu wako, nawafahamu na walio juu yake. Unataka kunifungulia kesi kwa neno moja la mtu mwenye homa? Hakimu atakucheka mpaka akushike mkono akutoe nje. Mgonjwa alikuwa anaweweseka. Nimesikia *match*, nikasema nilivyosikia. Kuna kosa?"

"Sitegemei neno lake," Inspekta alisema. "Nategemea lako."

"Langu?"

"Askari aliyeandika jalada angeweza kukosea, hajui rangi. Muuguzi angeweza kukosea. Hata mimi nilihitaji kufundishwa kutwa nzima. Lakini kuna mtu mmoja pale kando ya kitanda aliyelisikia neno 'imemechi' kila siku ya maisha yake ya kazi, kabla hajavaa suti. Mtu huyo asingeweza kulikosea hata angekuwa usingizini. Na ni yeye aliyetuambia ni kiberiti."

Vanishi alikuwa mtu wa maneno. Akamtazama Msasa, mtu aliyefundishwa kazi na yeye.

"Mzee," alisema. "Waambie. Waambie neno hilo lina maana nyingi."

"Lina maana moja hapa," Msasa akajibu, akatema mate kwenye zege.

Vanishi alimrukia. Hakumfikia, kijana wa bodi alimdaka kiunoni, na mwingine akamshika mkono, wale wale waliowasha kompresa. Inspekta alimfunga pingu akiwa amelala juu ya boneti jeupe, akitukana kwa lugha mbili. Alimtukana Inspekta, akamtukana Jicho. "Nilimwambia anyamaze! Nilimwambia tutazungumza!" Mume wa marehemu alikuwa amesimama hatua chache, na hakumtazama kabisa. Alikuwa akimtazama Inspekta.

"Baiskeli mtaichukua?"

"Ni kielelezo. Itabidi."

"Kaunta ile ile?"

"Nitaibeba mwenyewe," Inspekta alisema, akaibeba.

*

Mkuu wa Kituo alisaini hati ya kumwachia mlinzi bila kuketi, akaitupa mezani ikateleza mpaka ikaanguka. Alisema Inspekta angepaswa kumjulisha mapema. Alisema Vanishi ni mtu wa watu, simu zimeshaanza. Inspekta aliiokota karatasi, akampa askari wa zamu, akaenda moja kwa moja hospitalini, maana habari hii alitaka aifikishe mwenyewe.

Mwalimu ndiye aliyekaa sasa kwenye kile kiti kando ya kitanda, kikapu cha nguo safi miguuni. Jicho alikuwa amefumbua macho. Mikono yake, muuguzi alisema kwa mkato, huenda isishike bomba la rangi tena, lakini ataishi.

"Umekuja kuchukua nini tena?" Mwalimu aliuliza.

"Nimekuja kueleza."

Akaeleza: mlinzi na mshipi wake, madigadi, gari, kufuli, tafsiri. Alieleza kwa sauti ya kusikika ili na mgonjwa asikie. Machozi yalimtoka Jicho pembeni, yakalowesha bendeji, na dada yake akayapangusa kwa pindo la kitenge bila kumtazama, kama mtu apangusaye meza. Inspekta alimaliza. Alingoja. Alikuwa hajala tangu asubuhi, na labda alitarajia neno moja jema.

"Yule mzee wa watu aliyemtoa ndugu yangu kwenye moto," Mwalimu alisema. "Mmeshamwachia?"

"Karatasi imesainiwa. Askari wa zamu anamtoa sasa hivi."

"Askari wa zamu."

"Ndiyo."

"Nani amemwomba radhi?"

Inspekta aliigeuza kofia mkononi.

"Ana viganja vimeungua," Mwalimu alisema, "na atatoka mlango wa nyuma akiwa ameishika suruali. Nenda huko kwanza. Ukimaliza, ndiyo urudi hapa unieleze."

Inspekta alivaa kofia yake. Alishuka ngazi za hospitali mbili mbili, akakimbia barabarani kwa sare, watu wakimpisha, kwa kuwa mwendo wa kutoka pale hadi kituoni si mrefu na mzee yule alikuwa mwepesi wa kuondoka.